Mrejesho: ile sahani ya kale yenye mhuri wa "England"

Habari zenu wadau. Niliuliza umri wa sahani yangu ya maua ya buluu, na kama inafaa kulia chakula. Asanteni sana, mmenisaidia mno! Neno "England" kwenye kitako ndilo lililofungua njia: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kuanzia 1891, kwa hiyo yaelekea si ya kabla ya hapo. Nilipoimulika gizani kwa taa ya urujuanimno (mwanga wa UV), ukingo mmoja uling'aa tofauti. Hiyo ni dalili kwamba uliwahi kuvunjika ukaungwa. Naipenda vilevile, na kiungo hicho sitakigusa. Chakula hapana: vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hii ina nyufa nyembamba juu.