Ma-DJ wa kutafsiri muvi, dueli sio kuzipiga kavukavu!

Wakuu, mods msiufute huu uzi, nina hasira kweli na sijui nikamlalamikie nani.

Hawa ma-DJ wanaotuwekea Kiswahili kwenye muvi wanatuharibia, hasa zile za kizamani za wazungu wa majoho na mapanga. Jana nimetoa buku nikajaziwa moja kwenye flashi. Jamaa katukanwa mbele za watu, kavua glavu kaitupa miguuni kwa aliyemtukana, ukumbi mzima kimya, mimi nishakaa mkao wa kula, mara DJ anasema "kalewa huyu, kadondosha glavu". Kadondosha! Si ndio kamuita kwenye dueli hapo, yaani pambano la silaha la watu wawili kwa ajili ya heshima, mwenzake akiiokota ameshakubali, sasa mbele mtu anakufa na aliyemsikiliza DJ anabaki kujiuliza hawa walikosana saa ngapi.

Alafu kila kitu kwake "wanazichapa". Ugomvi wa baa ndio kuzichapa. Dueli watu wawili wanakubaliana mahali, muda, silaha, umbali wa hatua ngapi, na kila mmoja anakuja na msimamizi wake. Hao wasimamizi DJ kawaita mabodigadi!! Bora hata angesema washenga, maana kazi yao ya kwanza ni kwenda na kurudi kutafuta suluhu, ikishindikana ndio wanakagua bastola. Mwaka 1842 Abraham Lincoln, hajawa rais bado, aliitwa kwenye dueli na mwanasiasa mwenzake James Shields, na kwa desturi anayeitwa ndio anachagua silaha, basi yeye na mikono yake mirefu akachagua mapanga, wakafika mpaka kisiwani Mto Mississippi, watu wao wakawapatanisha hapohapo. Bodigadi gani anafanya hiyo kazi?

Na dueli sehemu nyingi ilikuwa kosa kisheria. Julai 11, 1804 Aaron Burr, makamu wa rais wa Marekani na yuko madarakani kabisa, alimpiga risasi kwenye dueli mwanasiasa mwenzake Alexander Hamilton kule Weehawken, New Jersey, akafa kesho yake. Wapiga makasia waliowavusha walisimama wamegeuza migongo ili wakiulizwa waseme hawajaona kitu. Kwenye hii muvi nayo watu wamegeuka hivyohivyo, nikasema hapa lazima aeleze, wapi, DJ anatangaza namba yake ya simu na kusalimia washkaji wa kijiweni mpaka bastola zinalia.

Nimerudi kwa aliyeniuzia ananiambia "bro si wanapigana tu, unataka nini tena". Na dogo mmoja hapo pembeni akadakia kwamba hata Pushkin, yule mshairi wa Urusi, alivamiwa mtaani. Avamiwe wapi! Alienda mwenyewe kwenye theluji, 1837, na msimamizi wake, na watu wakapima hatua.

Kama kuna DJ anayeiangalia muvi mpaka mwisho kabla hajarekodi nitajieni, huyo nampa hata buku mbili.