Nijenge juu ya nyumba ya baba mtaa wa Langoni, Lamu, au ninunue kiwanja Mokowe, ng'ambo bara?

Binti wa Langoni

Asalamu alaikum jamaa. Nataka rai za watu wanaoijua Lamu, maana nikiwauliza wenzangu wa Nairobi huniambia nichukue mkopo ninunue fleti, na hapa kisiwani fleti zenyewe za kununua ziko wapi?

Mimi ni muuguzi, umri wangu miaka 28, na inshallah mwakani naolewa. Kwetu tumezaliwa mabinti watatu na kaka mmoja aliyeko Mombasa. Mila yetu mnaijua: binti akiolewa wazazi humpa nyumba, na mume huingia kwa mkewe. Dada mkubwa alipewa chini. Wa pili akajengewa juu. Zamu yangu imefika na kilichobaki ni sakafu tupu ya juu kabisa, panapoanikwa nguo. Baba amesema mbele ya mama kwamba hewa ile, yaani nafasi ya kujenga juu, ni yangu, ila nguvu za kunijengea hana tena. Alikuwa mtu wa bahari na macho yamempungua. Basi najenga mwenyewe, na sina kinyongo.

Nimeweka shilingi 550,000. Mshahara kabla ya makato ni 42,000, na kila mwezi naona 630 zimekwenda kwenye tozo ya nyumba. Mchumba wangu ni nahodha wa boti ya abiria. Mwezi mmoja hupata vizuri, mwingine hakuna wageni. Sitaki jumba. Nataka vyumba viwili, jiko, choo, na mahali pa mama kuketi akija jioni.

Njia ya pili ni kiwanja Mokowe, futi 50 kwa 100. Dalali ananisukuma nitoe arubuni wiki hii. Anasema kwa vile bandari ipo, bei itapanda mara tatu. Karatasi aliyonionyesha ni barua ya ugawaji. Njia ya tatu ni kusubiri nyumba za serikali.

Nyumba za mawe za mjini siwezi hata kuuliza bei. Ya jirani yetu ilinunuliwa na mtu wa ng'ambo, ikarembwa vizuri sana, na sehemu kubwa ya mwaka imefungwa. Waliokuwamo wamehamia mtaa wa Kashmiri, watu saba katika vyumba viwili vya kukodi. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Sisi tuliozaliwa mji huu tutaishi wapi?

Maswali yangu: sakafu ya zamani itahimili? Neno la baba linatosha? Na Mokowe mnaionaje?

Fundi wa Chokaa

Waalaikumu salaam mwanangu. Nimejenga na kutengeneza nyumba za mji huu tangu ujana wangu, kwa hivyo la sakafu niachie mimi.

Kuta zile za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ni nene na hubeba sana, alimradi uzito ushuke wima na usambae. Sakafu hailali juu ya simiti, inalala juu ya boriti za mkoko kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu lakini vyembamba, upana mita 3 kasoro: boriti haiendi mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Kutokana na hilo, kanuni ni moja tu. Ukuta wako mpya ukae juu ya ukuta wa chini, usimame pale pale. Fundi akikwambia atapandisha ukuta katikati ya chumba cha dada yako ili wewe upate sebule pana, mwambie ateremke. Utamlaza dada yako chini ya mzigo unaoning'inia kwenye miti.

Kabla ya hata jiwe moja, chungulia vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani. Hapo ndipo zinapooza, hasa karibu na choo na chini ya mfereji wa maji ya mvua. Chukua kisu, dunga. Kikiingia kama kwenye andazi, boriti ile imekwisha. Tazama pia vumbi la mchwa na mistari ya ufa inayoshuka mshazari. Boriti mbovu hubadilishwa moja moja, kazi ya subira, na boriti nzuri zimekuwa ghali. Ile marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwagusa mpaka wakata mikoko wetu.

Usimwage slabu ya simiti huko juu. Usipige lipu ya simiti kwenye kuta za chokaa vilevile, kwa sababu chokaa hupumua na simiti haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa ndani, baada ya misimu michache ukuta unamomonyoka kutoka tumboni. Jenga kuta nyepesi, paa jepesi. Makuti ni mepesi na hupooza nyumba, lakini moto mnaujua, na nyumba zenu zimegusana. Mimi ningeweka mabati na dari ya mbao, niache nafasi ya upepo kati yake.

Tangi la maji! Vijana hulisahau hili. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Liweke chini kwenye kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani, upandishe maji kwa pampu ndogo, na juu uwe na pipa tu, tena limekaa kwenye kona ya kuta mbili.

Gharama itakayokushangaza si mawe, ni kuyafikisha. Jiwe linachongwa kisiwa cha Manda, pale Maweni, linavuka kwa mashua, linapandishwa punda kutoka gatini, halafu mtu analibeba ngazi mbili. Kila hatua ina mkono wa kulipwa. Piga hesabu ya jiwe likiwa juu ya sakafu yako. Bei ya Manda isikudanganye.

Na usianze bila ruhusa. Mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Pamoja na kibali cha kaunti, watu wa Makumbusho ya Taifa lazima waone mchoro wako. Watakuuliza urefu, madirisha, na paa. Waendee mapema, wanajua nyumba hizi na ushauri wao una faida.

Mwana Mkomani

Dada, ami kakujibu la mawe. Mimi nitajibu la karatasi, na kwa kweli ndilo ninaloliogopa kwa niaba yako. Nimefanya kazi za hati na mirathi kwa muda mrefu na nimeona ndugu waliolelewa sahani moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya chumba cha juu.

Baba akisema "hewa ni yako", je, ametoa leo, au amesema uchukue akishafariki? Tofauti ni kubwa mno. Akitoa leo ni hiba: yeye atamke, wewe ukubali, na ukabidhiwe, uwe na ufunguo na uhuru wa kutumia. Akisema "baada yangu", huo ni wasia, na kwa mrithi wasia haupiti mpaka warithi wengine waridhie.

Sasa tuseme Mungu amempa baba umri, na siku moja hayupo, na hakuna hiba iliyoandikwa. Mama yako atachukua thumuni yake, fungu moja kati ya manane, kwanza. Kinachobaki, kama hakuna mrithi mwingine anayeingia, kinagawanywa mafungu 5: kaka yako 2, nyinyi mabinti moja moja. Vyumba ulivyojenga kwa mshahara wako vitakuwa juu ya nyumba ya watu wote, na kaka wa Mombasa (simsemi vibaya, simjui) ana haki ya kudai fungu lake. Wewe utaanza kutafuta risiti za mawe.

Kwa hivyo: hati ya hiba, mashahidi, kaka na dada zako watie sahihi kwamba wamejua na wameridhia, ipitie kwa Kadhi. Na humo ndani andikeni mambo madogo ambayo ndiyo huvunja nyumba. Ngazi ni ya nani? Bomba la choo chako likipita kwa dada wa pili likavuja, nani analipa? Mkibadilisha boriti zilizo sakafu kwako na dari kwake, mnachangia vipi? Wageni wako wanapita mlango upi? Usione haya kuyaandika. Aibu ya leo ina nafuu kuliko ile ya mahakamani.

Kisha kuna hati ya serikali. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, ghorofa inaweza kuwa na hati yake peke yake, ikiwa ardhi yenyewe ina hati, au ni ya kukodishwa na muda uliobaki haupungui miaka 21. Nyumba nyingi za mjini hazijafika huko. Ndiyo sababu nauliza mawili: nyumba ile si wakfu, mali iliyokwisha kutolewa kwa ajili ya Mungu? Na hati iliyopo imeandikwa jina la nani? Ikiwa ni wakfu, baba hawezi kuitoa wala kuiuza, hata kipande.

Kijana wa Hindi

Mokowe nakaa jirani, hapa mji wa Hindi, nasema kwa ufupi. Barua ya ugawaji si hati miliki. Ina masharti na ada, na kama aliyepewa hakutimiza, huna ulichonunua. Omba nambari ya kiwanja, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa rejesta, kisha mpimaji mwenye leseni akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, zilipo. Dalali akikataa usifanye hivyo kabla ya arubuni, umeshajibiwa.

Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 2021 na maneno ya bei kupanda tumeyasikia tangu kabla ya hapo. Tumesikia pia mengine: mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za kaunti hii zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Hao walikuwa na hati. Wewe una barua.

Halafu wewe ni muuguzi. Zamu ya usiku ikiisha saa mbaya, au bahari ikichafuka, utavuka na boti gani? Nauli ya kila siku ihesabu kama kodi ya nyumba, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ukishawishiwa viwanja vya upande wa vilima vya mchanga vya Shela, kimbia. Mchanga ule ndio unaotuhifadhia maji ya kunywa mji mzima.

Mweka Hazina

Nigusie pesa. Ile 630 usiihesabu kama akiba. Chini ya sheria ya 2024 ni tozo, asilimia 1.5 yako na 1.5 ya mwajiri, na haikupi nyumba wala daraja kwenye foleni. Anayetaka nyumba hizo hujisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizo, na kuweka akiba yake mbali. Kwa mshahara wako unaangukia kundi la mapato ya 20,000 hadi 149,000 kwa mwezi. Jisajili, haikugharimu kitu, lakini usiahirishe harusi kwa ajili yake.

Mkopo wa riba najua hutaki. Zipo njia za halali: benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, au mnamiliki pamoja na unanunua fungu lake kidogo kidogo. Shida ni kwamba benki itadai hati kama dhamana, na hewa ya Langoni haina hati. Kwako wewe naona akiba yako na mfuko wa ushirika usio na riba, kama kazini mnao. Usikubali makato yakupeleke mpaka ukingoni. Sheria ya ajira inataka angalau theluthi ya mshahara ibaki mkononi, nami ningeacha nusu, kwa kuwa mwenzio kipato chake kinafuata msimu.

Jengeni kwa awamu. Chumba kimoja, choo na jiko kwanza, mwingie. Cha pili mtakijenga mkiwa ndani, mkiwa hamna deni la mtu.

Binti wa Langoni

Mungu awajazie kheri nyote. Arubuni ya Mokowe sitoi. Nimemwomba dalali nambari ya kiwanja nikafanye upekuzi, na simu yangu hajaipokea tena.

Mwana Mkomani, nimemuuliza baba. Si wakfu, alhamdulillahi. Lakini ametoa hati kutoka sandukuni na jina lililoandikwa ni la babu. Babu alifariki mimi sijazaliwa na mirathi haikugawanywa. Baba ana dada yake mmoja aliye hai, shangazi yetu, aliolewa Malindi. Nyumba yote sisi tumeishi tukijua ni ya baba.

Mwana Mkomani

Basi shangazi ana fungu lake humo, na hiba ya baba itahusu kilicho chake tu. Hata dada zako wamekalia jambo ambalo halijakamilika. Anzeni na mirathi ya babu kwa Kadhi: cheti cha kifo, orodha ya warithi waliokuwa hai siku ile, mashahidi wazee. Ikiwa kuna aliyerithi kisha akafariki, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, msiwasahau. Kisha shangazi aamue kwa hiari yake: awauzie, awasamehe, au abaki mshirika. Asiende mtu na karatasi iliyokwisha kuandikwa akamtaka atie kidole. Nendeni na baba, mketi naye, mumweleze kwa heshima. Ni mtu mzima na ni haki yake.

Fundi wa Chokaa

Naam. Na mawe usinunue bado, mwanangu. Yakilundikwa sakafuni huo ni uzito tayari. Wakati karatasi zinatengenezwa nitakuja nikutazamie boriti, bila malipo. Mwambie dada wa pili aondoe kabati zilizo kwenye ukuta wa choo ili nione vichwa.

Binti wa Langoni

Nitamwambia leo leo, ami. Shangazi tunakwenda kumwona baada ya mshahara wa mwezi huu. Mama amesema tusiende mikono mitupu.