Pindo la mtandio wa lesi linajikunja kama bakuli, naombeni ushauri

PindoJembamba
Wadau wa sindano, habari zenu. Nina mtandio wa pembetatu wa lesi. Sindano ni ya 4 mm, na uzi ni sufu nyembamba, donge la gramu 50 lenye mita 400. Nilianza na vitanzi 7, nikawa naongeza 4 kila baada ya mistari 2, hadi vimefika 371. Mwili umeisha. Sasa nafuma pindo la meno kwa ubavu: kila jino lina mistari 16, na kila mistari 2 nakula kitanzi 1 cha mwili, yaani nakiunganisha na pindo. Niko jino la 9 na pindo linajikunja kwa ndani. Nimelilowesha na kulibana kwa pini, lilipokauka likarudi vilevile.

Mtandio ni zawadi. Marafiki ni wanne, kila mmoja nimemwahidi wake, na zimebaki wiki 7. Nipunguze vitanzi vya jino au nibadilishe sindano?

MamaVitanzi
Pole dada. Kwanza niambie uliloweshaje? Sufu haitaki haraka. Iache kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30 mpaka inywe kabisa, usiisugue wala usiikamue kwa kusokota, itasinyaa. Izungushie taulo, kanyaga taulo, kisha tandaza. Pini moja kila ncha ya jino, na ziwe pini zisizoshika kutu. Usizitoe mpaka mtandio ukauke hadi ndani, hata kama kwa juu unaonekana mkavu. Na hao marafiki wanajua kufua sufu kwa mkono? Zawadi ya lesi iende na karatasi ya maelekezo ya kufua.

NchaYaJino
Wafumaji wa jadi wa Shetland, visiwa vya Scotland, walianza na pindo, wakaokota vitanzi ubavuni mwake na kufuma kuelekea katikati. Haapsalu, kule Estonia, pindo hufumwa peke yake kisha hushonwa kwenye mwili. Njia zote mbili zinakupa nafasi ya kulegeza kabla ya kuunganisha. Kwa mtandio unaofuata, fikiria kuanza na pindo.

Sindano4
Swali la vitanzi vya jino halijibiki mpaka tujue unaunganisha na nini. Hivyo 371 viko hai kwenye sindano?

PindoJembamba
@MamaVitanzi nililowesha nusu saa kamili. @Sindano4 viko 371, nimevihesabu mara mbili.

Sindano4
Sijauliza idadi. Viko kwenye sindano, au umeshavifunga?

PindoJembamba
Nilivifunga. Niliogopa vingechomoka wakati nafuma pindo. Nilifunga kwa sindano ileile ya 4 mm, sasa naokota kitanzi kimojakimoja kwenye mnyororo wa ukingo. Lakini mnyororo wenyewe ni nadhifu sana na sitaki kuugusa. Nilikuwa nafikiria kupitisha mvuke wa pasi.

Sindano4
Dada yangu, ugonjwa ni huo. Ukifunga kwa namna ya kawaida na sindano ya mwilini, unapata kamba isiyovutika. Mwili wa lesi ukilowa unatanuka, kamba inagoma, na pindo linafuata kamba. Ndilo bakuli lako hilo. Mvuke hautarefusha kamba, utalaza sufu tu na kuondoa uhai wake.

Pindo la ubavu halihitaji kufunga mwili kabisa, kwa sababu kila muungano ndio unaofunga kitanzi. Fumua meno 9 kwanza. Halafu, kabla hujagusa mnyororo, chukua sindano nyembamba, 2.5 mm, uichomeke kwenye mguu wa kulia wa kila kitanzi cha mstari ulio chini ya mnyororo, upande mmoja hadi mwingine. Hesabu. Ndipo ufumue mnyororo kuanzia ulikomalizia. Mwisho pitisha uzi wa pamba laini wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote. Huo ndio uzi wako wa usalama.

Kibarango
Mimi naona tatizo ni ahadi. Mwili wako una mistari 182, wastani vitanzi 189 kila mstari, yaani zaidi ya 34,000. Kwa mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika ni karibu saa 29 bila pindo. Mitandio mitatu iliyobaki, pindo likiwemo, ni kama saa 110. Kwa wiki 7 utakaa na sindano zaidi ya saa 2 kila siku bila kukosa hata moja. Zawadi haitakiwi kumchosha anayetoa mpaka aanze kumchukia anayepokea.

MizaniYaUzi
Samahani wadau, hii ni chai. Tuchukulie vitanzi 34,000 vya Kibarango. Sindano ya 4 mm na uzi mwembamba, kitanzi kimoja kinakula kama sentimita 1.5. Hiyo ni zaidi ya mita 510. Dada ametaja donge la mita 400. Mwili umeisha, na juu yake meno 9? Mtandio huu haupo, ametunga.

MamaVitanzi
Jamani, mtu ameeleza mistari yake vizuri hivi, atunge kwa faida gani?

MizaniYaUzi
Mama, sina ugomvi na mtu. Hesabu ndiyo inayokataa.

PindoJembamba
Sijatunga. Madonge ni mawili. La pili lilikuwa la rafiki wa pili. Nililianza nikijua, sikulitaja kwa sababu nilikuwa bado natafuta namna ya kulirudisha. La tatu na la nne yapo, hayajafunguliwa.

MizaniYaUzi
Basi naomba radhi kwa dhati, na hesabu inakubali. Mita 800, toa 516 za mwili, zinabaki 284. Uzi wa meno utakayofumua unarudi humohumo.

Sindano4
Vizuri, sasa tunaweza kusaidiana. Jino lako linaendaje?

PindoJembamba
Naanza na vitanzi 8. Mistari ya kwenda nje: hamisha 1 bila kufuma, fuma 2, zungusha uzi, fuma viwili pamoja, fuma hadi vibaki 2, zungusha uzi, fuma 2. Kurudi nafuma kawaida, kitanzi cha mwisho nakifuma pamoja na kimoja cha mwili. Mstari wa 15 sizungushi karibu na ncha. Wa 16 nafunga 7, vinabaki 8.

Sindano4
Jino ni zuri, usiliguse. Ila 371 haigawanyiki kwa 8: ni meno 46 na vitanzi 3 vinaning'inia. Na kwenye ncha ya pembetatu pindo linahitaji urefu wa ziada, vinginevyo litavuta hata ukingo ukiwa hai. Tibu yote mawili pamoja. Kitanzi cha katikati ni cha 186. Hicho, na viwili kila upande, yaani 184 hadi 188, kila kimoja kile mistari 4 badala ya 2: ukirudi mara ya kwanza fuma kitanzi cha mwisho cha pindo peke yake, mara ya pili ndiyo uunganishe. Unaongeza 5, jumla 376, meno 47 kamili, na jino la 24 linakaa juu ya ncha yenyewe.

Uzi: jino moja ni vitanzi kama 198, karibu mita 3. Meno 47 ni mita 141. Unabaki na 143.

Kibarango
Hizo 143 ni za rafiki wa pili. Mfumie ukanda wa shingo: anza na vitanzi 20 badala ya 8, jino lilelile, ukingo wa pili ulionyooka. Nao utameza kama saa 8 tu. Wa tatu na wa nne wapate mitandio, madonge yao yapo. Ishie vitanzi 279, mwili utakula kama mita 290, na pindo halizidi 110.

NchaYaJino
279 ukiongeza 1 ni 280, meno 35. Katikati ni kitanzi cha 140, ni hicho kimoja tu cha kurudia, ila ncha ibane kwa upole.

PindoJembamba
Asanteni. Meno yamefumuliwa, sindano ya 2.5 imepita. Nimehesabu 370. Mnyororo sijaugusa.

Sindano4
Usiuguse. Hesabu kutoka katikati, kila upande uwe na 185.

PindoJembamba
Kulia 185, kushoto 184. Nimekiona, kimeshuka mistari miwili chini ya mnyororo, palipokuwa na uzi wa kuzungusha. Nakipandisha kwa kroshia.