Laptopu ya nyumbani hapa Mombasa: mpya ya bei nafuu au ex-UK?

Mama wa Tudor

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ninatafuta laptopu ya nyumbani, na ningependa kuwasikia wanaoishi hapa Pwani, kwa sababu ushauri mwingi ninaousoma umeandikwa na watu wa miji yenye baridi na hewa kavu. Kazi zetu ni ndogo. Mimi huandika hesabu za biashara yangu ya vitambaa na kujaza ritani za kodi za KRA (mamlaka ya mapato) kabla ya tarehe 30 Juni. Binti yangu wa gredi ya nane ana kazi za shule. Na baba yangu, ambaye macho yake yameanza kuchoka, husoma magazeti na kutafuta huduma zake kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hatuna michezo wala uhariri wa video.

Bajeti yangu ni shilingi 40,000, na ninaweza kuongeza kidogo nikionyeshwa sababu. Katika duka moja la Moi Avenue nimeonyeshwa mpya iliyo ndani ya katoni yake, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na waranti ya mwaka mmoja. Duka la jirani lina HP EliteBook 840 G3 ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza ikaletwa huku, yenye prosesa ya i5, RAM ya GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi) ya GB 256, na bei yake iko chini ya ile mpya. Nyumba yetu iko karibu na maji, madirisha hufunguliwa tangu alfajiri kwa ajili ya joto, na stima hupotea na kurudi bila taarifa. Ipi kati ya hizi itatufaa kwa miaka minne au mitano?

Mkaazi wa Kisauni

Waalaykum salaam, dada. Kwa maoni yangu usichukue hata moja kati ya hizo mbili.

Tuanze na mpya. Hifadhi ya GB 64 katika mashine za bei hiyo huwa ni eMMC, yaani chipu iliyochomelewa kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), na mara nyingi RAM nayo imechomelewa vivyo hivyo, kwa hiyo huwezi kuongeza chochote baadaye. Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, maana yake ni kwamba mashine hiyo inatoka dukani ikiwa tayari imefika ukomo wake. Sasisho kubwa likija litakosa nafasi, nanyi mtaanza kufuta picha na mafaili ili tu lipate kuingia.

Ama ile G3, jambo la kutazama ni umri wa prosesa, na neno i5 peke yake halikuelezi umri huo. Soma nambari inayofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane. G3 ni ya kizazi cha sita. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubaliwa rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za kabla yake. Wapo wauzaji wanaoipachika Windows 11 kwenye mashine za zamani kwa njia za mkato, na huwaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Kwa mtu anayeingiza nywila ya KRA na ya benki kwenye mashine yake, hilo si jambo dogo.

Ulizia EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 au Lenovo ThinkPad T480. Hizi ni za 2018, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na i5 zake za kizazi cha nane zina viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), ilhali za vizazi viwili vilivyotangulia zilikuwa na viwili. Hata hivyo usiamini jina la modeli peke yake, kwa maana ziliuzwa pia zikiwa na prosesa za kizazi cha saba. Mwombe muuzaji aiwashe, ufungue mipangilio ya mfumo, usome nambari kwa macho yako. Kwa ajili ya mzee, chagua yenye skrini ya nukta 1920 kwa 1080. Ukikuza maandishi, yanabaki makali na hayaparaganyi ukurasa.

Mwalimu wa Likoni

Nakubaliana na ndugu wa Kisauni kuhusu Celeron, lakini sikubali kwamba mashine iliyotumika ndiyo jawabu kwa kila familia. Ex-UK ni nzuri kwa mwenye jicho la kuikagua au mwenye fundi anayemwamini. Asiye na mmoja kati ya hao ni afadhali asubiri miezi michache, aongeze fedha, anunue mpya yenye RAM ya GB 8 na SSD halisi ya GB 256, hata kama prosesa yake ni ya kawaida kama i3, Ryzen 3 au Intel N100. Kwa kuandika, kusoma na kuhudhuria kikao cha Zoom, hizo zinatosha, na kizazi chake kipya kina maana ya miaka mingi zaidi ya masasisho.

Naongeza onyo kuhusu Chromebook, maana najua kuna atakayekupendekezea. Ni nyepesi na hukaa na chaji muda mrefu, lakini kila modeli ina tarehe ambayo Google huacha kuipa masasisho, na zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi zimeikaribia au zimeipita. Na kwako, Mama, kuna sababu nyingine: ile fomu ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwa ajili ya mapato ya biashara hutegemea makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na makro hizo zinataka Excel kamili ya kwenye kompyuta. Kwa binti na kwa mzee, LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, itawatosha kabisa.

Na popote utakaponunua, dai risiti yenye nambari ya serial (nambari ya pekee) ya mashine. Waranti iliyotamkwa kwa mdomo haidaiwi.

Fundi wa Makupa

Waalaykum salaam, dada. Wenzangu wamesema ya prosesa vizuri, kwa hiyo mimi nitasema yale ninayoyaona mezani pangu, hasa kwa mashine zinazotoka nyumba za karibu na bahari.

Hewa ya hapa hubeba chumvi, na chumvi ikipata unyevu hula chuma. Nikifungua laptopu iliyokuwa ikikaa dirishani, aghalabu nakuta ukungu wa kijani umezunguka tundu la chaji na kichwa cha waya wa betri, skrubu za bawaba zimeshika kutu, na feni imevaa vumbi lenye unyevu lisilopeperuka kwa kupuliza. Hapo ndipo mashine za ofisi zinapozishinda zile za bei nafuu: kifuniko cha chini hufunguka kwa skrubu chache, feni husafishika, na kibodi, betri na chaja zake zinapatikana mjini bila kuagizwa ng'ambo. Iweke mbali na dirisha, usiifungie siku nyingi ndani ya mkoba, na iwashwe mara kwa mara, kwa maana joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Msiitumie juu ya godoro, kwa sababu matundu ya hewa huziba.

Sasa ukaguzi dukani. Chomoa chaja, ifanye kazi kwa betri huku mkizungumza bei. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na usome faili litakalotengenezwa. Humo mna uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa: ukiona 50,000 imeshuka hadi 28,000, betri hiyo imebakiza kidogo zaidi ya nusu, basi bei nayo ishuke au waiweke nyingine. Izime, uiwashe tena ukiingia kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, ondoka. Vilevile ikiwa baada ya kuwekwa upya inadai akaunti ya kampuni fulani ya huko ilikotoka, bado imefungwa kwa mwenyewe wa kwanza, na fundi mwaminifu hatakufungulia.

Bonyeza kila herufi ya kibodi. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya tarakimu 3, na watu wengi hunirudishia mashine wakidhani ni mbovu kwa sababu wakitaka alama ya barua pepe hutokea alama ya kunukuu. Hapo hakuna ubovu. Kibodi ni ya Uingereza na mfumo umepangwa kwa Marekani. Badilisha lugha ya kibodi kwenye mipangilio na kila kitu kitakaa mahali pake.

Mama wa Tudor

Shukran sana, Mungu awalipe. Nimerudi leo madukani na nimeiona 840 G5 yenye i5-8350U, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, kwa shilingi chache juu ya bajeti yangu. Ripoti ya betri inaonyesha 49,000 ya kiwandani na 39,000 ya sasa. BIOS haikudai nywila. Fundi, hiyo betri inafaa? Na kuhusu stima, je, nahitaji UPS (betri ya akiba ya umeme)?

Fundi wa Makupa

Inafaa, dada. Hiyo ni kama asilimia 80, na kwa mashine ya umri huo ni betri njema. Ndani ya BIOS ya HP za namna hiyo kuna mpangilio wa afya ya betri; ikiwa mtaitumia zaidi ikiwa imechomekwa, uwashe ili isikae ikiwa imejaa pomoni kwenye joto letu.

UPS huhitaji, kwa kuwa betri yenyewe inakuvusha stima inapopotea. Kinachoua chaja ni ule mshtuko wa umeme wakati stima inaporudi, kwa hiyo nunua guard ya volteji, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, na usichomeke friji kwenye guard hiyo hiyo. Hakikisha chaja wanayokupa ni ya HP halisi ya wati 45 au 65, na pini yake inaingia bila kulegea. Kabla ya kulipa, ingiza nambari ya serial kwenye tovuti ya HP uone kama modeli inalingana na waliyokuandikia kwenye risiti.