Vastu puja ghorofa ya saba, na masharti ya jengo yanakataza moto wa wazi

MamaWaUpanga
Habari zenu wadau. Tumenunua fleti hapa Upanga, Dar, na hatulali humo kabla ya vastu. Kwa wasioijua, ni ibada yetu Wahindu ya kuingia nyumba mpya. Mimi natangulia na kumbh, mtungi wa shaba, kichwani, ndani maji, juu majani ya mwembe na nazi, navuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Tunaanza na mungu Ganesh, zinafuata sayari tisa, halafu havan: moto kwenye kund (chombo cha kuwashia moto wa ibada), kuni za mwembe, samli, ufuta, shayiri, kafuri. Jikoni maziwa yanachemshwa mpaka yafurike.

Sasa masharti tuliyosaini: hakuna moto wa wazi ndani wala barazani, hakuna kelele saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, wageni wasizidi 20 bila kibali. Maharaj, kuhani wetu, katupa muhurat, yaani saa ya heri, ya saa 11:30 alfajiri! Na anayezijua koo za Kigujarati anajua 20 ni mashangazi tu, watoto hujawahesabu. Mume wangu anataka tufanye kimyakimya, tukivishe kihisi cha moshi mfuko wa nailoni. Mama mkwe anasema bila havan nyumba haijaingiwa. Aliyepitia hili anisaidie.

KatibuWaKamati
Dada, mfuko mwambie shemeji auache, tena hiyo ya nailoni ilipigwa marufuku tangu 2019. Kwenye majengo mengi vihisi vimeunganishwa: kikilia kimoja, jengo zima linalia, lifti zinasimama, wazee wanateremka kwa ngazi.

Mimi ni katibu wa kamati kwenye jengo letu, barua kama hizi nazisoma. Usiandike "puja" ukaishia hapo, msimamizi hajui kama ni watu watano au ni ngoma za dhol. Andika kund ina upana gani, moto utawaka dakika ngapi, nani atashika kizima moto. Omba fundi azime kihisi cha sebule yako peke yake, asibanduke, akiwashe mkimaliza. Chini ya kund panga matofali na mchanga, la sivyo vigae vinapasuka kwa joto. Feni zima, mtungi wa gesi mbali.

Moto mdogo hatujawahi kuukataa. Kinachotukera ni samli kwenye lifti na nazi kupasuliwa koridoni. Kigae chetu cha ghorofa ya tatu kina ufa hadi leo. Njoo na jiwe lako la kupasulia.

BintiKisutu
Ben (dada yangu), muulize maharaj hiyo saa kaitoa kwenye panchang, kalenda ya nyakati za heri, ya wapi. Kalenda nyingi tulizo nazo majumbani zimepigwa hesabu kwa jua la Gujarat kule India, na jua la Dar halichomozi saa ileile. Halafu siku moja haina muhurat moja tu. Kuna Abhijit, katikati ya mchana, maharaj wengi wanaikubali isipokuwa Jumatano. Hapo sharti la kelele limekwisha lenyewe. Ila usisogeze tarehe ikaangukia kamurta, kipindi kisicho na heri, katikati ya Desemba mpaka sikukuu ya Uttarayan katikati ya Januari, mama mkwe atakufukuza.

Na havan si lazima sebuleni. Kona ya Agni, mungu wa moto, ni kusini-mashariki, na kwa kanuni za vastu za kupanga nyumba jiko ndiyo mahali pake. Kama jiko lako liko upande huo, angalia dari: mara nyingi jikoni hufungwa kihisi cha joto, siyo cha moshi.

JiraniWaChini
Sisi Waislamu tulipohamia tulisoma Yasini, chetezo cha udi kikaliza king'ora kabla hatujafika mbali. Kwa hiyo hamko peke yenu. Jirani wa juu yako mgongee mlango mwenyewe, usitegemee ubao wa matangazo. Moshi wa barazani unapanda kwenye nguo zake.

MamaWaUpanga
Asanteni sana. Maharaj kapiga hesabu upya: Alhamisi, saa sita na kitu mchana. Jiko liko mashariki kabisa, siyo kusini-mashariki, kasema inatosha. Havan tutakaa sisi wawili, wakwe na yeye, kwa kund ndogo. Chakula cha ukoo ni jioni, ukumbini, lapsi (kitamutamu cha ngano) ipo. Barua naipeleka kesho. KatibuWaKamati, kizima moto cha unga au cha gesi? Sitaki unga uingie kwenye prasad, chakula chetu cha baraka.

KatibuWaKamati
Cha gesi hakifai kwa kuni, moto unarudi. Chukua cha maji kwa ajili ya kuni, na weka ndoo ya mchanga pembeni kwa samli, maana samli inayowaka haimwagiwi maji.