Tupeane uzoefu: patisheni (kipande cha diski) ya zamani ikigoma kumaunti (kufunguka usome faili) kwenye Linux, uliiokoaje?

Wakuu habari za humu, naanza mimi. Nina diski ya 320GB niliyoichomoa kwenye laptopu iliyokufa, ndani kuna picha za mzee wetu kabla hajafariki na hakuna nakala nyingine popote. Nikaichomeka kwa USB, lsblk, komandi ya kuorodhesha diski, inaiona vizuri, nikimaunti inagoma, inaandika wrong fs type, bad superblock. Fundi akaniambia tuiformati kwanza halafu tutarudisha vitu kwa programu, nikachukua diski yangu nikaondoka.

Nikaazima diski kubwa nikanakili patisheni nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ikakesha usiku kucha, na kazi yote nikaifanyia kwenye nakala, ile halisi sikuigusa tena. Ilikuwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa hiyo supabloku ya kwanza (rekodi inayoeleza mpangilio wa patisheni) ikiharibika zipo za akiba, na mke2fs -n inakuonyesha zilipo. Hapa naomba msome taratibu jamani, hiyo n ndio inayoizuia isiandike kitu, ukiisahau umeformati mwenyewe. Niliisoma ile komandi mara nne ndio nikabonyeza enter. Halafu e2fsck -b 32768, yaani karabati kwa supabloku ya akiba iliyoko bloku 32768, ikauliza maswali kibao nikawa najibu y, nikamaunti kwa kusoma tu. Faili nyingi nilizikuta kwenye folda ya lost+found zina namba badala ya majina, ya kwanza kufungua ni mzee kakaa kwenye kigoda nje anamenya chungwa. Nililia aisee.

Nani mwingine yamemkuta?

---

Pole na hongera mkuu. Yangu ilikuwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, laptopu ina Windows na Linux, nimehangaika siku mbili nzima ndio nikakumbuka kusoma dmesg (ujumbe wa mfumo), imeandika volume is dirty, yaani haikufungwa vizuri. Kumbe Windows haikuwa imezimika, ile Fast Startup ukizima mashine inailaza tu na patisheni inabaki kama iko kazini. Nikarudi Windows, nikapiga powercfg /h off kuzuia kulala huko, nikazima kabisa, nikaingia Linux ikafunguka yenyewe. Kama Windows nayo haiwaki, maunti kwa ro (kusoma tu) utoe vitu vyako, usilazimishe kuandika.

---

Mimi yangu haikuisha vizuri. Diski ilikuwa inagonga tik tik tik nikaona ni uzee tu, nikaipiga fsck, ya kukarabati mfumo wa faili, mara tatu na kila mara inazidi kuwa nzito, ya nne haikuonekana hata kwenye lsblk. Miaka 6 ya kazi za wateja ikaenda. Ukisikia mlio acha kila kitu, angalia afya ya diski kwa smartctl -a, ukiona sekta zinazosubiri (pending, zilizoshindwa kusomeka) zinaongezeka, nakili kwanza, fsck baadaye tena kwenye nakala kama alivyofanya mleta mada.

---

Kuna hii ya kuambiwa unknown filesystem type LVM2_member, watu wanadhani diski imekufa na wengine wanaformati kabisa, inauma sana kuona. Haina ubovu wowote, ni LVM tu, mfumo wa Linux wa kugawa diski kwa volyumu, piga vgscan, halafu vgchange -ay, halafu lvs ikupe majina, ndio umaunti hiyo volyumu yenyewe, sio patisheni kama sdb2.

---

Wenye diski za ReiserFS, mfumo wa faili wa zamani, nao wajue imeondolewa kwenye kerneli (kiini cha Linux) 6.13 ya 2025, mimi nilidhani patisheni yangu imeoza. Nikawasha mashine kwa flashi ya Linux ya zamani, ikamaunti mara moja, nikahamishia kila kitu ext4 siku hiyohiyo.

---

Mkuu wa LVM Mungu akubariki, hii diski ya ofisi imekaa kabatini tangu mwaka jana tumeambiwa haifai. Nimepiga vgchange sasa hivi, volyumu mbili zimetokea, nimemaunti kwa ro na mafolda ya wahasibu yapo yote. Siandiki kitu humo, naenda kutafuta diski ya kunakilia.