Ninyanyue matiti tu au niweke na silikoni kubwa? Naomba ushauri

Wadada habari zenu, nina watoto wawili, wa mwisho nimemwachisha ziwa miezi nane sasa, yani maziwa yamelala kabisa, nikivua sidiria chuchu zinaangalia vidole vya miguu na juu pamebaki ngozi tupu kama soksi. Mi nilitaka silikoni kubwa tu nimalize, daktari akasema chuchu ikishashuka chini ya mkunjo (pale ziwa linapoungana na kifua kwa chini) silikoni peke yake hainyanyui, inaongeza uzito tu, bora kunyanyua, ila kovu litazunguka chuchu na kushuka hadi chini. Na silikoni zenyewe si za maisha, kuna siku zitabadilishwa. Mume eti anayapenda yalivyo (muongo huyo). Mliofanya, kovu linafifia kweli? Na nikibeba mimba ya tatu si yatalala tena jamani?